Moshi Chini ya Mwembe

Kabla ya miaka ya 1970, mkulima wa maembe nchini Ufilipino aliyetaka mti wake utoe maua mapema aliufukiza. Alikusanya majani makavu na nyasi mbichi, akavirundika chini ya mwembe, akauwasha moto na kuuzuia usilipuke, ili ufuke tu. Moshi ulipanda ukajaa kati ya matawi. Kazi iliendelea siku baada ya siku, pengine wiki kadhaa, mpaka vikonyo vianze kuvimba. Ilitaka kuni, vibarua na subira, na mara nyingine mti haukujibu kitu.

Kila nikisoma habari za moshi ule najiuliza wakulima wale walijua nini hasa. Hawakuwa na maabara. Lakini walikuwa na picha ya mti vichwani mwao: kwamba mwembe waweza kuwa tayari kuzaa na bado ukawa umelala, na kwamba aliyelala huamshwa. Picha ya namna hiyo ndiyo wanasayansi huiita modeli, yaani maelezo mafupi ya jambo kubwa, yanayokuwezesha kubashiri litakalotokea ukiligusa hapa au pale. Historia ya elimu ya maua ya miti ya matunda ni historia ya picha kama hizo. Nyingi zilifaa kwa muda, kisha mti ukazikataa.

Mwaka 1918, kule Oregon, Marekani, Kraus na Kraybill walichapisha utafiti wao juu ya mnyanya. Walisema siri iko kwenye mizani kati ya sukari inayotengenezwa na majani na naitrojeni inayotoka ardhini. Naitrojeni ikizidi, mmea hunenepa majani na kusahau kuzaa. Wenye bustani za matunda waliipokea hoja hii kwa furaha, maana ilifanana na waliyoyaona kwa macho. Babu yangu, ambaye hakuwahi kusikia jina la Kraus, alikuwa na sheria hiyohiyo: mti ukishiba sana hujisahau. Hakuruhusu samadi karibu na mwembe uliokwisha kukua.

Miaka miwili baadaye, Garner na Allard, Wamarekani pia, walionyesha kwamba kuna mimea inayosubiri urefu fulani wa mchana na usiku ndipo itoe maua. Hapo likazuka swali jipya: mmea unahesabu saa kwa kiungo gani? Jibu lilitoka Urusi ya Kisovieti. Mnamo 1936 na 1937, Mikhail Chailakhyan alieleza kwamba jani ndilo linalohisi mwanga, kisha hutuma kitu fulani hadi kwenye chipukizi. Kitu hicho alikiita florijeni. Nadharia yake ilishambuliwa katika zama za Lysenko, na kwa takriban miaka 70 hakuna aliyeweza kukishika kitu chenyewe. Mwaka 2007 ndipo watafiti, wakitumia kigugu kidogo cha maabara na mpunga, walipoonyesha kwamba ni protini inayosafiri kutoka jani hadi ncha ya mmea.

Basi jani husema ndiyo. Nani husema hapana?

Mkulima wa matofaa analijua swali hili kwa mfuko wake. Mwaka huu matawi huinama kwa uzito, mwaka ujao hapati cha kupeleka sokoni. Zamani ilisemwa kwamba mti umechoka. Mwaka 1967 Chan na Cain, nchini Marekani, waliujaribu usemi huo kwa aina ya tofaa linaloweza kukua bila mbegu. Maua mengine waliyachavusha, yakatoa matunda yenye mbegu. Mengine waliyaacha yatoe matunda matupu. Penye mbegu, maua ya mwaka uliofuata yalipungua sana. Penye matunda matupu, yalitoka. Kwa hiyo uchovu peke yake hautoshi kueleza jambo. Tumba za mwakani huanza kuumbwa wakati matunda ya mwaka huu yangali mtini, na mbegu changa hutoa homoni ziitwazo jiberelini, ambazo huhesabiwa miongoni mwa wazuiaji wakuu. Mtoto aliye mgongoni ndiye anayemchelewesha mdogo wake.

Tukiwa na majibu hayo mawili, turudi Ufilipino. Ilikwisha kujulikana kwamba moshi una gesi ya ethilini, nayo ikadhaniwa ndiyo inayoamsha maua. Ramon Barba, mzaliwa wa Ilocos Norte na mtaalamu wa bustani katika Chuo Kikuu cha Ufilipino, Los Baños, alitafuta njia nyepesi zaidi ya moto. Katika miaka ya 1970 aligundua kwamba chumvi ya naitreti ya potasiamu, ambayo ni mbolea na pia kiungo cha baruti, ikichanganywa na maji kwa kiasi cha kama gramu 10 kwa lita na kunyunyizwa majanini, hufanya kazi ya moshi. Baada ya wiki moja au mbili tumba huonekana. Kazi ya wiki nyingi ikawa ya asubuhi moja. Barba alipata hataza, lakini hakudai malipo kwa wakulima walioitumia njia yake. Aliyekuwa na miembe mitano akaitumia sawa na mwenye shamba kubwa. Mwaka 2014 nchi yake ilimpa cheo cha Mwanasayansi wa Taifa. Alifariki mwaka 2021.

Hata hivyo kulikuwa na fumbo. Naitreti ni naitrojeni. Kwa mizani ya 1918, na kwa sheria ya babu yangu, mti ulipaswa kujibu kwa majani. Tena chumvi hiyohiyo, ikipelekwa nchi zilizo mbali na ikweta, mara nyingi haikufanya kitu.

Aliyelipanga vizuri fumbo hili ni Thomas Davenport, aliyeitafiti miembe huko Florida. Alisema tumekuwa tukichanganya maswali mawili. Chipukizi kwanza huulizwa: je, uamke? Halafu huulizwa: ukiamka, utoe majani au maua? Chumvi ya Barba hujibu swali la kwanza tu. La pili huamuliwa na yanayotoka kwenye majani: katika joto la tropiki umri wa kitawi ndio wenye uzito, na mbali na ikweta ni baridi ya usiku. Ukikiamsha kitawi kichanga, utapata majani, au hutapata kitu.

Modeli hii ina uzito kwa anayeishi kwa kuuza maembe. Kule ambako mwembe hungoja baridi, usiku ukizidi kuwa wa joto, mti unaweza kuamka na kutoa majani matupu, na hakuna chumvi itakayolibadili jibu hilo. Wengine hutumia paklobutrazoli, dawa ya kuzuia jiberelini, ambayo humwagwa kwenye udongo na hukaa humo muda mrefu. Mti unaweza kulazimishwa, lakini gharama yake italipwa na ardhi.

Wakulima wa moshi hawakukosea walipodhani wanauamsha mti. Na wanaotumia chumvi leo hawaanzi na bomba la kunyunyizia. Kwanza hushika jani la kijani kilichokolea, wakalifinya kiganjani. Likiwa laini, huondoka wakangoja. Likivunjika kwa mlio mkavu, basi hupima chumvi.