Fushimi Inari Taisha

Fushimi Inari Taisha ni hekalu la Shinto lililoko kusini mwa jiji la Kyoto, Japani, chini ya mlima Inari wenye kimo cha mita 233. Ndiyo makao makuu ya ibada ya Inari, mungu wa mpunga, mavuno na neema ya biashara, ambaye mahekalu yake nchini humo hukadiriwa kufikia 30,000. Kwa mapokeo, lilianzishwa mwaka 711 na ukoo wa Hata. Jengo kuu liliteketea mwaka 1468 katika Vita vya Onin; lililopo leo ni la mwaka 1499.

Inari aliombwa kwanza na wakulima. Miji ilipokua, wenye maduka nao wakamgeukia, maana ghala lililojaa mpunga ndio uliokuwa utajiri wenyewe. Hao ndio waliozidisha malango mekundu ya mbao, yaitwayo torii, ambayo sasa ni maelfu na yamesongamana hadi kufunika njia ya mlimani. Kila lango ni sadaka ya mtu au kampuni, ama kwa kuomba ama kwa kushukuru. Jina la mtoaji na tarehe huandikwa upande wa nyuma, hivyo anayepanda haoni maandishi, huyakuta akishuka. Mbao huoza, malango huondolewa, na mengine husimikwa mahali pake.

Sanamu za mbweha zimejaa kila kona, baadhi zikiuma ufunguo wa ghala au suke la mpunga. Wageni wengi hudhani mbweha ndiye mungu, kumbe ni mjumbe wake tu. Hupelekewa tofu ya kukaanga, ambayo husemwa kuwa ndiyo chakula akipendacho.

Kabla ya kuomba, mtu hunawa mikono na kusukutua. Mbele ya jengo kuu hutumbukiza sarafu, hutikisa kengele, huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, huomba kimoyomoyo, kisha huinama tena. Kilimo hakijasahauliwa: mwezi Juni mpunga hupandikizwa kwa ibada katika shamba la hekalu, na Oktoba huvunwa.

Kuzunguka mlima huchukua takriban saa mbili. Umati hujaa kwenye malango ya mwanzo, palipo na wapiga picha, na wengi huishia hapo. Ni hasara, kwa kuwa vijihekalu vya waumini viko juu zaidi. Hekalu liko wazi usiku na mchana, bila kiingilio, mkabala na kituo cha treni cha Inari.