Kanda Isiyokuwa na Jalada

Katika droo ya meza yangu mna vitu vitatu ambavyo wajukuu wangu huvicheka. Cha kwanza ni kanda ya kaseti ya dakika sitini, ambayo juu yake mtu ameandika kwa kalamu ya wino: KUNTA KINTE. Cha pili ni santuri kubwa iliyopinda kidogo kwa joto, lakini jalada lake lingali zima. Cha tatu ni CD aliyoniletea binti yangu. Wajukuu huuliza, "Babu, si muziki uleule? Kwa nini uutunze mara tatu?" Swali lao ni zuri. Kulijibu sawasawa kutanilazimu nieleze kosa nililolifanya darasani mwaka 1983, ambalo sikulisahihisha mpaka nilipokuwa mzee.

Msomaji wa rika langu hahitaji kuelezwa Kunta Kinte ni nani. Kwa vijana nitasema kwa ufupi. Mwaka 1976 mwandishi Mmarekani mweusi, Alex Haley, alitoa kitabu kiitwacho Roots, yaani Mizizi, kuhusu ukoo wake kuanzia kijana wa Kimandinka aliyetekwa katika kijiji cha Juffure, nchini Gambia, mwaka 1767. Kituo cha televisheni cha ABC kikakifanya kitabu hicho tamthilia na kuionyesha usiku nane mfululizo, kuanzia tarehe 23 hadi 30 Januari, 1977. Inakadiriwa kwamba sehemu ya mwisho ilitazamwa na watu wapatao milioni 100. Nchi nzima ya Marekani ilikaa kitako kutazama jambo ambalo kwa miaka mingi ilikuwa imelikwepa.

Sisi wa Tanzania Bara hatukuitazama. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, lakini huku Bara tulingoja mpaka mwaka 1994. Kwetu Kunta Kinte alifika kwa njia nyingine: kwa kitabu kimoja kilichosomwa na watu ishirini mpaka kikaachana kurasa, kwa masimulizi ya waliokwenda ng'ambo, na kwa muziki. Mimi niliupata muziki kwanza. Picha nilikuja kuziona mwaka 1989, katika mikanda ya video, nyumbani kwa shemeji yangu, Dar es Salaam.

Kanda yangu niliinunua mwaka 1982 Kariakoo, katika duka la kurekodi. Wakati ule huduma hiyo ilikuwa ya kawaida: ulichagua santuri ukutani, ukalipia, ukarudi jioni kuchukua kanda yako. Muziki wa santuri hiyo hauzidi nusu saa, kwa hiyo wote ulienea katika upande mmoja wa kanda, na upande wa pili fundi alinijazia rumba. Jalada alibaki nalo mwenyewe dukani. Jina la mtunzi, la waimbaji na la nyimbo, vyote vilibaki ukutani Kariakoo. Nami sikuona kwamba nimepungukiwa kitu.

Mwaka uliofuata nilikuwa mkufunzi wa historia katika chuo kimoja cha ualimu. Hali ilikuwa ngumu. Vitabu vilikuwa haba, karatasi ilikuwa haba, hata betri za redio kaseti tulizitafuta kwa kujuana. Nilipofika kwenye somo la biashara ya utumwa ng'ambo ya bahari ya Atlantiki niliona fahari kuingia darasani na kitu ambacho mkufunzi mwingine hakuwa nacho. Niliwaambia wanachuo, "Leo mtasikia sauti ya Wamandinka wenyewe, watu wa Kunta Kinte." Nikaibonyeza kanda.

Niliendelea kufafanua. Katika kanda yangu muziki ulianza na mambo ya Marekani: mnada wa watumwa, zeze la mzee wa shambani, harusi ya kuruka ufagio, nyimbo za kanisani, vita vya wenyewe kwa wenyewe. Baadaye ndipo zikaja ngoma za Afrika. Nikawaeleza kwamba mtunzi alikusudia kuweka Afrika mwishoni ili kuonyesha kwamba roho ya mtumwa ilikuwa ikirudi nyumbani. Wanachuo waliandika. Wengine walipiga mstari chini yake.

Kijana mmoja wa Songea alinyoosha mkono. Akasema, "Samahani, Mkufunzi. Sauti ya mama huyu anayeimba hainijii kama ya Afrika Magharibi. Inanijia kama ya kwetu. Bibi zetu wakiimba, wanapanda hivi na kushuka hivi."

Ningeweza kumwuliza kwa nini anafikiri hivyo. Wangoni wa Songea asili yao ni watu wa kusini, waliovuka Zambezi mwaka 1835 na kuendelea kaskazini; habari hiyo nilikuwa nimeifundisha mimi mwenyewe muhula uliotangulia. Badala yake nilimwambia, "Songea na Gambia, wapi na wapi? Au Kunta Kinte naye alikuwa Mngoni?" Darasa zima likaangua kicheko. Kijana akakaa.

Miaka miwili baadaye tulitembelewa na walimu kutoka Mazimbu, Morogoro, ambako wapigania uhuru wa ANC walikuwa na shule yao, Solomon Mahlangu Freedom College. Jioni, baada ya mazungumzo, niliwapigia kanda yangu kwa heshima. Haikufika mbali. Mwalimu mmoja, mama wa makamo, aliweka kikombe chake chini, akasema, "Huyo ni Letta. Letta Mbulu. Huyo ni mtoto wa Soweto." Akaimba naye mpaka mwisho, macho ameyafumba. Hakuna aliyesema neno, na mimi nilikuwa wa mwisho kuthubutu kusema.

Jalada lenyewe nililishika mkononi mwaka 1988, mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao alipouza vyombo vyake. Hapo ndipo niliposoma kwa mara ya kwanza kile nilichokuwa nikikifundisha.

Mtunzi aliyetajwa kwa herufi kubwa ni Quincy Jones, yule ambaye baadaye alisimamia santuri kubwa za Michael Jackson, na ambaye alifariki dunia Novemba 2024. Santuri ilitolewa na kampuni ya A&M mwaka 1977. Nilipopata pia kuiona tamthilia na kusoma habari zake, nilitambua kwamba jalada nalo halisemi yote. Jones alipewa kazi ya kutunga muziki wa tamthilia nzima, lakini alichelewa, na baada ya sehemu ya kwanza kazi ilimwangukia Gerald Fried, mpiga zumari aina ya obo aliyekuwa mtunzi wa siku nyingi wa filamu na televisheni. Tuzo ya Emmy ya mwaka 1977 walipewa wote wawili kwa muziki wa sehemu hiyo ya kwanza. Mwaka 1979 ulipotokea mwendelezo wa tamthilia, ni Fried aliyeutungia muziki. Katika santuri, wimbo wa Fried uliokuwa kama bendera ya tamthilia umo, tena unarudi mara kwa mara, lakini sehemu kubwa ya kazi aliyoifanya kwa usiku uliofuata haimo. Mtu aliyeitazama tamthilia usiku nane kisha akanunua santuri alipata nusu saa iliyopangwa upya kwa ajili ya kusikilizwa sebuleni. Ndiyo maana wakusanyaji wa muziki wa filamu hulalamika mpaka leo. Huilinganisha santuri na mikanda ya video, wakahesabu kilichoachwa na kilichobadilishwa. Zamani ningewaona watu wasio na kazi. Leo nawaona ndugu zangu wanahistoria.

Mpangilio nao ukanisuta. Santuri inaanza Afrika, kisha inakwenda utumwani na vitani, na mwisho kabisa Letta Mbulu anaimba tena akiikumbuka Afrika ya zamani. Fundi wa Kariakoo alianza kurekodi na upande wa pili, labda kwa sababu ndio uliokuwa juu aliposhika sahani. "Kusudi la mtunzi" nililowaandikisha wanachuo lilikuwa bahati mbaya ya fundi mwenye haraka.

Na je, Wamandinka wako wapi? Letta Mbulu alizaliwa mwaka 1942, akaondoka Afrika Kusini katika miaka ya sitini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Mumewe, Caiphus Semenya, naye mwanamuziki wa huko huko, ni miongoni mwa waliotunga sehemu za Kiafrika za santuri hiyo. Wimbo wake unaojulikana zaidi jina lake ni Oluwa, na hilo ni neno la Kiyoruba, lugha ya Nigeria, lenye maana ya Bwana Mungu. Kwa hiyo kijana wa Gambia aliombolezewa kwa neno la Nigeria na sauti ya Soweto. Hata kijiji cha Juffure tulichokiona kwenye picha kilijengwa katika jimbo la Georgia, Marekani.

Nilipoyajua haya nilikasirika kwanza. Nilijiona nimedanganywa. Miaka ilivyopita hasira ilipungua, maana nilianza kumfikiria Letta mwenyewe. Mwanamke aliyelazimika kuishi mbali na kwao anaimba habari za kijana aliyeondolewa kwao. Kama wimbo ule si ushahidi juu ya Gambia ya mwaka 1767, ni ushahidi thabiti juu ya Afrika Kusini ya mwaka 1977. Mama wa Mazimbu alilielewa hilo papo hapo, bila jalada. Kijana wa Songea pia alilielewa kwa sikio tu.

Sisi Waswahili tusicheke sana, kwani yalitufika na sisi. Mwaka 1987 Quincy Jones alimwita Letta Mbulu tena katika santuri ya Michael Jackson iitwayo Bad. Katika wimbo unaomsifu msichana wa Liberia, Letta anatamka maneno ya mapenzi kwa Kiswahili. Liberia hawasemi Kiswahili. Lakini vijana wetu waliposikia lugha yao katika santuri hiyo hakuna aliyeandika barua ya malalamiko. Tulifurahi, tukapandisha sauti ya redio. Kwa watu wa ng'ambo Afrika ilikuwa nyumba moja yenye chumba kimoja. Wakati mwingine kosa hilo lilitukera, na wakati mwingine lilituheshimu.

Haley naye hakusalimika. Mwandishi Harold Courlander alimshtaki kwamba alichukua sehemu za riwaya yake, na mwaka 1978 Haley alikubali kumlipa dola 650,000. Wanahistoria waliopekua kumbukumbu walitilia shaka pia sehemu za ukoo alioueleza. Simtaji ili kumshusha. Kitabu chake kiliamsha mamilioni ya watu watafute babu zao. Ila ninajua sasa kwamba mtu anaweza kusema jambo kubwa la kweli akitumia nyaraka zenye kasoro, na kwamba wajibu wa mwalimu ni kusema yote mawili. Mimi mwaka 1983 sikusema hata moja.

Mwaka 2011 nilialikwa kwenye sherehe ya kumuaga mwalimu mkuu mmoja aliyekuwa akistaafu. Katika meza ya mbele alikaa ofisa elimu mwenye mvi pembeni mwa kichwa. Nilimtambua kabla hajatajwa. Baada ya chakula nilimfuata, nikamwambia, "Mwanangu, wewe ni wa Songea. Siku moja ulinyoosha mkono kuhusu kanda ya Kunta Kinte." Akacheka kwa adabu, akasema, "Nakumbuka, Mwalimu. Ulikuwa umevaa suti ya Kaunda ya kijivu."

Nikamweleza kila kitu: Letta Mbulu, Soweto, mama wa Mazimbu, jalada. Nikamwambia kwamba yeye alikuwa sahihi na mimi nilikosa, na kwamba nilipaswa kumwambia mbele ya darasa lilelile lililomcheka, lakini darasa hilo limekwisha tawanyika na wengine wametangulia mbele ya haki. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi sikunyoosha tena mkono katika kipindi chako. Nilimaliza mwaka mzima. Hukuona?"

Sikuona. Huo ndio ukweli, na ndio ulioniuma kuliko kosa la Gambia. Mtu akikosea tarehe au mpangilio wa nyimbo, kuna jalada mahali fulani litakalomsahihisha. Mwanafunzi aliyenyamazishwa hana jalada. Mwaka mzima wa maswali yake haukurekodiwa popote.

Nilimtumia nakala ya muziki ule, safari hii pamoja na karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu: majina ya watunzi wote, waimbaji, mpangilio wa nyimbo kama ulivyo katika santuri, na chini kabisa, kilichoachwa. Alinipigia simu kunishukuru, akaniambia ameipiga kijijini kwao, na shangazi yake mzee amesikiliza mara mbili.

Basi wajukuu wangu, kanda ninaitunza kwa sababu hiyo ndiyo niliyoifundisha. Santuri naitunza kwa sababu ndiyo iliyonisahihisha. CD naitunza kwa sababu ndiyo ninayoweza bado kuipiga. Mkizirithi, msizitenganishe, na msisahau kuacha ile karatasi ndani.