Mwaka 1989 na Hesabu Iliyofungwa Mapema

Jumapili ya tarehe 4 Juni, 1989, Wapoland waliingia kwenye vyumba vya kupigia kura na kazi moja: kukata. Sheria yao haikumtaka mpiga kura aweke alama kwa anayempenda. Ilimtaka apige mstari juu ya kila jina asilolitaka, na jina lililoachwa salama ndilo lililopata kura. Wakomunisti waliokuwa madarakani walijiwekea orodha ya kitaifa ya vigogo 35 wasio na mpinzani hata mmoja, wakiamini hiyo ni kazi nyepesi. Vigogo 33 wakaanguka, akiwemo waziri mkuu aliyekuwa ofisini, Mieczysław Rakowski. Husimuliwa kwamba mmoja wa wawili waliopona, Adam Zieliński, aliokolewa na alfabeti: jina lake lilikuwa chini kabisa ya karatasi, na mikato mirefu ya wenye hasira haikumfikia.

Upinzani wa Solidarność, uliozaliwa kwenye karakana za meli za Gdańsk, uliruhusiwa kugombea viti 161 tu kati ya 460 vya bunge. Baada ya duru ya pili ulikuwa umevichukua vyote, pamoja na viti 99 kati ya 100 vya seneti. Kabla ya mwezi Agosti kwisha, Tadeusz Mazowiecki wa upinzani huo alikuwa waziri mkuu.

Tarehe hiyohiyo ya 4 Juni, Beijing, vifaru vilikuwa vimeingia usiku kuwatimua wanafunzi waliopiga kambi katika uwanja wa Tiananmen. Siku chache kabla yake walikuwa wamesimamisha hapo sanamu kubwa nyeupe waliyoiita mungu wa kike wa demokrasia. Chama tawala cha China kiliua, kikabaki, na hadi leo kipo.

Katika majira hayohayo ya joto, Francis Fukuyama, aliyekuwa akifanya kazi katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, alichapisha makala akiuliza kama historia imefika mwisho. Tumtendee haki: hakusema vita na maasi yatakoma. Alichosema ni kwamba hakuna tena wazo linaloweza kushindana na demokrasia ya kiliberali kama namna ya kutawala watu. Kichwa cha makala kilikuwa na alama ya kuuliza. Kitabu kilipotoka mwaka 1992, alama hiyo haikuwepo tena.

Wimbi lilifika hata kwetu, ingawa kwa njia yake. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipozunguka Tanzania kukusanya maoni, karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 vikaruhusiwa. Walioomba kubaki walikotoka ndio waliokuwa wengi. Ukitafuta ushindi wa wazo fulani mioyoni mwa watu, hapo huupati kirahisi.

Ninavyoona mimi, kosa la hesabu ya 1989 ni kudhani kwamba anayekata jina la mtawala tayari ameshaandika jina la mfumo. Mapinduzi hutuonyesha vizuri sana nani amekataliwa. Kuhusu kitakachofuata, ushahidi wake ni mdogo.

Mtazame Viktor Orbán. Tarehe 16 Juni, 1989, akiwa kijana wa miaka 26, alisimama mbele ya umati mkubwa jijini Budapest, kwenye mazishi mapya ya Imre Nagy, waziri mkuu aliyenyongwa baada ya maasi ya 1956, akadai majeshi ya Kisovieti yaondoke Hungary. Ilikuwa hotuba ya ujasiri. Miaka 25 baadaye, yeye akiwa waziri mkuu, alitangaza hadharani kwamba anajenga dola isiyo ya kiliberali. Hakufika hapo kwa vifaru. Mwaka 2010 wapiga kura walikipa chama chake na mshirika wake theluthi mbili ya bunge, naye akaandika katiba mpya.

Tunisia ndiyo inayouma zaidi. Tarehe 17 Desemba, 2010, katika mji wa Sidi Bouzid, mchuuzi wa matunda Mohamed Bouazizi alijichoma moto baada ya mali yake kuchukuliwa. Hadi 14 Januari, Rais Ben Ali alikuwa ameshapanda ndege kukimbilia Saudi Arabia. Katiba ya 2014 ilisifiwa dunia nzima, na mwaka uliofuata asasi nne zilizowapatanisha wanasiasa, chama cha wafanyakazi UGTT kikiwa kinara, zikapewa Nobeli ya Amani. Lakini vijana wa Sidi Bouzid waliendelea kukosa ajira. Mwaka 2019 wananchi wakamchagua mwalimu wa sheria, Kais Saied, kuwa rais kwa zaidi ya asilimia 70. Julai 2021 akalisimamisha bunge, na wengi wakatoka barabarani kushangilia.

Uchaguzi wa bunge jipya ukapangwa tarehe 17 Desemba, 2022. Waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 11. Watetezi wa Fukuyama watasema hao waliobaki nyumbani hawakudai mfalme wala chama kimoja, na ni kweli. Lakini hawakulidai bunge pia.