Kwa Nini Hatusemi "Maua ya Kienyeji"?

Tunasema kuku wa kienyeji, mayai ya kienyeji, mboga za kienyeji. Sokoni Tabora hakuna anayehitaji kufafanuliwa maneno hayo, na mara nyingi bei yenyewe hueleza kwamba "kienyeji" ni sifa. Lakini neno hilo likifika kwenye maua, linakoma. Ni nadra kusikia mtu wa Isevya, hapa Tabora, akiulizia mche wa ua la kienyeji.

Tazama yanayopandwa uani. Bogonvilia na jakaranda asili yake ni Amerika ya Kusini. Mkrismasi, unaowaka mwekundu mwisho wa mwaka, umetoka Madagaska. Asumini ni ya Asia. Hata mwembe, unaotupa kivuli na tunda, ni mgeni kutoka Asia. Siwasemi vibaya wageni hawa. Mji huu ulikua kwa kupokea wageni: misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa Unyanyembe, na wenyeji ndio waliowalisha wapagazi. Ninachodai ni kwamba mwenyeji naye, yaani ua la hapa, apewe jina lake.

Kwa sasa tunampa majina mawili. La kwanza ni "maua ya porini", linaloeleza umbali tu, kama kwamba ua haliwezi kuishi karibu na mlango. La pili ni "magugu", na hili ni hukumu. Gugu si aina ya mmea. Ni mmea wowote uliosimama mahali ambapo mkulima hakuutaka. Mgagani ukiota katikati ya tumbaku hung'olewa. Mgagani uleule ukiota kwenye tuta la mboga humwagiliwa maji, majani yake yakachumwa. Maua yake meupe, yenye stameni ndefu zilizochomoza nje, hayabadiliki kwa kuhama shamba. Kinachobadilika ni neno letu.

Hata hivyo istilahi nzuri haitakiwi kusifu kila inachokitaja. Kiduha nacho ni cha kienyeji Afrika, na maua yake yanapendeza, lakini kinanyonya mizizi ya mahindi na mtama. Mmea mmoja hutoa mbegu ndogo kama vumbi kwa maelfu, na mbegu hizo zaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10, zikisubiri kemikali zinazotoka kwenye mzizi wa mmea mwingine ndipo ziote. Kwa hiyo "kienyeji" inatuambia kitu kimetoka wapi. Kama kinafaa au hakifai, hilo lichunguzwe mbali. Tukilitumia neno kwa nidhamu hiyo, litatufaa.

Anayetaka kuotesha maua haya kwa mbegu atakuta Kiswahili kimeshamtangulia. Kusia ni kutawanya mbegu. Kuatika ni kuziotesha mahali pa muda, kwenye kitalu au viriba, ili miche ihamishwe baadaye. Kupandikiza ni kuihamisha. Wengi wetu tumezoea kusema "kupanda" kwa yote matatu, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Mgagani una mzizi mkuu unaozama, nao hauvumilii kuhamishwa. Mmea huu husiwa palepale utakapoishi. Aliyeambiwa "panda" anaweza kuujaza kwenye viriba. Aliyeambiwa "sia" hatafanya hivyo.

Kuna hatua moja ambayo ningependa ipate istilahi inayotumika na wote. Mbegu nyingi za huku hazioti mara zinapokomaa. Ya mgagani iliyovunwa leo huota kwa shida. Ikihifadhiwa pakavu kwa miezi kadhaa, huota vizuri zaidi. Ya mlenda ina ganda gumu lisilopitisha maji. Dawa yake ni kuifunga kwenye kitambaa, kuitumbukiza kwenye maji yanayokaribia kuchemka kwa sekunde 10 hivi, kisha kuipoza na kuisia. Mbegu za namna hiyo tuziite "mbegu zilizolala", na kazi yote ya kuzishughulikia, iwe kwa maji ya moto, kwa kukwaruza ganda au kwa kusubiri, tuiite "kuamsha mbegu". Mkulima akiambiwa kwamba mbegu yake imelala, hataitupa akidhani imekufa.

Neno "kufa" linahitaji uangalifu zaidi kwa mninga. Mti huu wa miombo hutoa maua ya njano yenye harufu nzuri yanayofuatwa na nyuki, na tunda lake ni la duara, lina bawa pembeni na miba katikati. Mche wake hukauka shina kila kiangazi, kwa miaka kadhaa mfululizo, huku mzizi ukizidi kunenepa chini. Mvua zinaporudi, kuanzia Novemba, shina jipya huchipua. Anayeuona mche mkavu mwezi wa Agosti husema umekufa, akaung'oa. Ningependa tuseme "umerudi mzizini". Maneno hayo mawili yangeokoa miche mingi.

Majina yana uzito pia kwa sababu wengine wametutangulia kuyaandika. Mpelelezi James Augustus Grant alifika Kazeh, ndiyo Tabora, Januari 1861 pamoja na mpelelezi mwenzake Speke, akakusanya mimea njiani. Orodha yake ilianza kuchapishwa London mwaka 1872. Kule Usambara, Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alikusanya ua dogo la zambarau, na mwaka 1893 likapewa jina Saintpaulia kwa heshima ya familia yake. Leo linauzwa kwenye vyungu duniani kote. Sayansi ilihitaji jina moja la kutumia kila nchi, na hilo ni sawa. Lakini jina la kisayansi halimzuii mtu kuwa na lake.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa wenye vitalu vya Isevya na vya miji mingine: wekeni safu moja, hata ya viriba vichache, iandikwe "maua ya kienyeji", na chini yake jina ambalo bibi zetu wanaliita ua hilo. Watu wataanza kuyaulizia, na kinachouliziwa sokoni hakikosi wa kukiotesha.