Mashine ya Zamani Ndani ya Mpya

PlayStation 2, iliyotoka Japani mwaka 2000, ilibeba ndani yake prosesa ya PlayStation ya kwanza. Ukicheza gemu mpya, prosesa hiyo ilishughulikia pedi na memori kadi. Ukiweka diski ya zamani, ilirudia kazi yake ya asili.

Hiyo ndiyo iliyotuokoa Mji Mpya, Morogoro. Mwenye kibanda cha gemu mtaani kwetu alikuwa na rundo la CD za PlayStation ya kwanza, na hakuwa na hela ya kununua gemu zote upya. Tekken 3, ya mwaka 1998, ikakubali kwenye PS2. Sharti lilikuwa moja: kusevu kulihitaji kadi ya zamani, ile mpya ya megabaiti 8 haikufaa. Na kadi ya zamani ilikuwa moja tu. Mawingu yakishafunika Uluguru, umeme ulikatika, na asiyesevu alianza mwanzo.

PS3 za kwanza, za 2006, nazo zilikuwa na chipu za PS2. Lakini chipu ni gharama, na mwaka uliofuata Sony wakaanza kuziondoa. Kibiashara siwalaumu, ila hesabu zao hazikuwa na mtu kama jirani yetu. PS4 ya 2013 haikucheza diski za PS1, PS2 wala PS3.

Kwa hiyo PS3 ilipofika kibandani, PS2 haikuuzwa. Ilisogezwa pembeni, ikafutwa vumbi, lenzi ikasafishwa, na wadogo zetu wakaendelea kulipia dakika zao za GTA San Andreas.