Fani Tatu za Madini: Mwombaji wa Shahada Azitofautishe Kwanza

Mwombaji wa chuo kikuu anayevutiwa na sekta ya madini anapaswa kutofautisha fani tatu kabla ya kuchagua. Mjiolojia hutafuta miamba yenye madini. Mhandisi wa migodi huichimba. Mhandisi wa metalojia hutenganisha metali na mawe, kisha huisafisha.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa shahada ya uhandisi wa metalojia na uchakataji wa madini kwa miaka minne. Fani hiyo imepata uzito zaidi tangu Serikali ilipozuia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi mwaka 2017. Mwaka 2021 kiwanda cha kusafisha dhahabu kilizinduliwa Mwanza.

Asiyependa Kemia atafakari upya, kwani ndiyo kiini cha kazi yenyewe. Sifa za kujiunga zihakikiwe katika mwongozo wa TCU wa mwaka husika.