Kanuni na Mtunga Kanuni: Kutoka Biblia ya Roehl hadi Ukaguzi wa Mtindo kwa Kompyuta

1. Utangulizi

Programu za kukagua mtindo wa nathari zinazoendeshwa kwa kuandika amri, kama vile Vale, hazina msimamo wao kuhusu lugha. Mtumiaji ndiye huziandalia faili la kanuni, lenye ruwaza ya kutafutwa, neno mbadala, na uzito wa hitilafu: pendekezo, onyo au kosa. Asili ya zana hizi ni maabara za Bell nchini Marekani, ambako Lorinda Cherry alishiriki kuunda programu za kukagua Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1970. Hoja ya makala haya ni kwamba kanuni ya kubadilisha neno kwa neno ina historia ya zamani zaidi katika Kiswahili, na sehemu muhimu ya historia hiyo inatoka Usambara.

2. Kanuni ya Roehl

Wamisionari wa Bethel walifungua kituo cha Mlalo, katika Lushoto ya leo, mwaka 1891. Miongoni mwa waliofanya kazi Usambara alikuwa Karl Roehl, aliyechapisha sarufi ya Kishambaa mwaka 1911. Tafsiri yake ya Biblia nzima kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1937. Iliongozwa na kanuni iliyo wazi: neno lenye asili ya Kiarabu liepukwe pale la Kibantu linapopatikana. Hivyo nabii akawa mfumbuaji, na kuhani akawa mtambikaji.

Roehl aliitetea kanuni hiyo katika jarida la Africa mwaka 1930, mwaka uleule Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi ya kusanifisha lugha kwa msingi wa Kiunguja. Canon G. W. Broomfield, mmisionari wa UMCA, alimpinga katika jarida hilohilo. Kilichobishaniwa hakikuwa msamiati tu. Kwa mzawa wa pwani, nabii si neno geni. Kulitia alama ya ugeni ni kumwambia kwamba lugha ya mama yake ina kasoro. Isitoshe, tambika ni neno la ibada za wahenga. Kanuni iliyokusudiwa kuondoa maana za dini moja iliingiza maana za dini nyingine. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 ilibaki na nabii na kuhani.

3. Ruwaza na mofolojia

Leo kanuni ya Roehl ingeandikwa kwa mistari michache. Hata hivyo, ruwaza inayotafuta neno zima nabii haiwezi kuona manabii wala unabii. Ikilegezwa ili iyaone, neno mbadala moja halitoshi, kwa kuwa mfumbuaji, wafumbuaji na ufumbuaji hutofautiana viambishi. Upatanisho nao hutikisika: tukibadili sadaka kuwa toleo, sadaka hii yangu lazima iwe toleo hili langu. Ndiyo maana kazi ya Arvi Hurskainen huko Helsinki, iliyoanza katika miaka ya 1980, ilitanguliza uchanganuzi wa mofolojia. Roehl aliyatatua haya kwa kichwa chake. Programu inayolinganisha mfuatano wa herufi haiwezi.

4. Hitimisho

Mofolojia ni tatizo la kiufundi na litapata ufumbuzi. Gumu zaidi ni la mamlaka. Twajua kanuni ya Roehl ilikuwa ya nani kwa sababu aliitetea hadharani, naye Broomfield akapata mtu wa kumjibu. Faili la kanuni humpa mwanafunzi neno kosa bila jina, mwaka wala sababu. Nasi wasahihishaji wa tasnifu tumekuwa tukifanya vivyo hivyo kwa kalamu nyekundu: tunakata neno la mwanafunzi, pengine la lahaja yake, bila kueleza kitu. Iwapo idara zetu zitatunga kanuni za namna hii kwa Kiswahili, kila kanuni ibebe jina la mtunzi, tarehe na ushahidi wa matumizi, na ianzie ngazi ya pendekezo. Kanuni isiyo na mwenyewe haina wa kujibishana naye.